Ndege wapo, picha hazitoki: kutafuta chanzo cha tatizo ukiwa nyumbani kijijini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi kijijini na ambaye ndege humjia mpaka uani. Mimi naishi katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga, ambako mashamba ya iliki, karafuu na pilipili manga yanapakana na msitu wa Amani, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mifano yangu mingi imetoka katika eneo hilo, lakini vyanzo vya matatizo ni vilevile hata kwa mtu wa Moshi, Njombe au Taita.

Kabla ya kulaumu kamera, chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: kwanza ndege mwenyewe, pili mwanga, na mwisho kabisa mashine. Nimeona watu wakiuza kamera nzima kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kusogeza kiti upande wa pili wa nyumba.

Unawasikia, lakini huwaoni

Chanzo cha kawaida ni saa. Ndege wengi wa msituni huhangaika kutafuta chakula tangu kunapopambazuka hadi kama saa 3 asubuhi, kisha hutulia mpaka alasiri. Huku milimani kuna jambo la kuongeza: katika miezi ya masika ukungu unaweza kukaa juu ya miti hadi saa 3 au saa 4, na ndege huchelewa pamoja nao. Anayetoka saa 12:30 akarudi ndani saa 2 akisema hakuna kitu, ameondoka wakati wenyewe wanajiandaa kuanza. Subiri ukungu uinuke, halafu utazame vilele vya miti vinavyopata jua la kwanza.

Chanzo cha pili ni kutafuta umbo la ndege badala ya mwendo wake. Katika majani huwezi kuliona umbo. Unachoona ni jani moja linalocheza wakati mengine yametulia. Ukishaliona, usiondoe macho hapo. Inua darubini mpaka ifike machoni huku ukiendelea kutazama mahali palepale. Wanaoanza huinamisha uso kuitafuta darubini, wakiinua tena ndege ameshapotea, kisha wanaamini kwamba darubini yao ni mbovu.

Tatu, huenda msitu uko kimya kweli kwa muda huo. Ndege wengi wadogo hutembea katika makundi mchanganyiko, aina nyingi kwa pamoja, wakipekua miti mmoja baada ya mwingine. Unaweza kukaa nusu saa bila kuona chochote, kisha ndani ya dakika tano ukaona zaidi ya uwezavyo kuandika. Kuwakimbilia hakusaidii, kwa kuwa utawafuata kwa nyuma tu. Angalia wanaelekea wapi, zunguka kwa mbali, ukawasubiri mbele.

Ukitazama kwa darubini na kuona vivuli vyeusi pembeni, huenda vikombe vya machoni havijarekebishwa: mwenye miwani avikunje chini, asiye na miwani avivute juu. Ukiona vizuri kwa jicho moja tu, tafuta pete iliyo karibu na jicho, kwa kawaida la kulia. Fumba jicho hilo, sawazisha kwa gurudumu la katikati hadi jicho lililo wazi lione vizuri, kisha fumba la pili na uzungushe pete mpaka yote mawili yakubaliane. Darubini ikikuonesha ndege wawili badala ya mmoja, imeanguka na vioo vyake vimehama. Hiyo ni kazi ya fundi. Kwa anayenunua, namba 8x42 (8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita) zinafaa zaidi msituni kuliko 10x42, kwa sababu kila mtikisiko wa mkono hukuzwa pamoja na ndege.

Ndege anaruka kabla hujainua kamera

Hapa tatizo huwa ni umbali, na umbali unapimika. Panda vijiti kila baada ya mita 5 kutoka kwenye mti wanaoupenda, kisha kwa siku kadhaa andika wanaruka ukiwa umefika kijiti kipi. Utagundua kwamba shore na shomoro wa uani watakuvumilia mpaka mita 5 au 6, ilhali kwarara ataondoka kwa makelele ukiwa bado mbali. Ukishajua mpaka wa kila mmoja, acha kuuvuka. Kaa nyuma yake ukasubiri asogee mwenyewe.

Namna ya kusogea ina uzito mkubwa kuliko rangi ya nguo, ingawa kuna wanaonunua mavazi ya kijeshi kwa jambo hili. Kumwendea ndege moja kwa moja huku umemkazia macho ndiyo mwendo wa paka, na yeye anaufahamu. Nenda kwa mshazari, simama mara kwa mara, tazama kando. Kiganja kinachopanda ghafla humtisha kuliko mwili mzima unaosogea polepole, kwa hiyo kamera na iwe tayari kifuani kabla hujafika.

Maficho bora kijijini ni dirisha la jikoni, kwa kuwa ndege wameshalizoea. Ukitaka kibanda cha makuti au majani makavu ya migomba, kijenge kisha ukiache siku nne au tano bila kukitumia. Ndege wakikuona unaingia na hawakuoni ukitoka, mwombe mtu muingie wawili, yeye atoke peke yake. Mara nyingi watachukulia kwamba kibanda kimebaki kitupu.

Ikiwa ndege wote wa eneo lako, hata shomoro, wanakimbia wakiwa mbali sana, tafuta manati. Palipo na watoto wanaowinda kwa manati, ndege hujifunza upesi kumwogopa binadamu yeyote aliyesimama akaelekeza mikono juu. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Waite watoto, wape darubini washike, waoneshe picha ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, iliyopigwa kwenye ua la mgomba wa kwao. Nimefanya hivyo na matokeo yake yalichukua miezi, lakini yalikuja.

Picha haikutulia

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na linachanganya matatizo manne tofauti chini ya jina moja. Ikuze picha kwenye kioo cha kamera uisome kabla ya kubadilisha chochote.

Ukiona tawi limetoka kali kama wembe lakini ndege amefifia, ndege ndiye aliyetembea. Chozi hageuzi kichwa taratibu kama njiwa. Hukikata kama mshale wa sekunde. Kwa ndege mdogo aliyetua, anza na kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/1000 ya sekunde, na kwa anayeruka panda hadi 1/2000 au zaidi. Ndege mkubwa aliyetulia, kama hondohondo anayekula matunda, anaweza kutoka vizuri hata kwa 1/250.

Ukiona kila kitu kimefifia kuelekea upande mmoja, tawi na ndege pamoja, mkono wako ndio uliotikisika. Kanuni ya zamani inasema kasi isipungue urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 300 itake angalau 1/300. Katika kamera zenye kihisi kidogo (kile kipande kinachopokea mwanga ndani) zidisha mara 1.5, yaani karibu 1/450. Egemea nguzo ya baraza, au weka lenzi juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharage. Mfuko huo haugharimu kitu na kwenye ukingo wa dirisha unashinda tripodi nyingi.

Ukiona ndege amefifia lakini jani lililo mbele yake, au nyuma yake, limetoka safi, fokasi (mahali kamera inapolenga ukali wa picha) imeshika mahali pasipofaa. Kamera ikiachiwa sehemu zote za fokasi huchagua kitu kilicho karibu au chenye mistari mikali, na msituni kitu hicho ni jani. Chagua nukta moja tu, ya katikati, na uiweke kwenye jicho la ndege. Kama kamera yako ina uwezo wa kutambua macho ya ndege, utumie uani palipo wazi. Kwenye kichaka kizito rudi kwenye nukta moja.

Endapo kila kitu kimefifia bila upande maalumu, chunguza hewa na kioo. Kuanzia saa 4 asubuhi, hewa iliyo juu ya paa la bati au uwanja uliofagiwa huchemka, na ukipiga picha kupitia hewa hiyo hutapata manyoya hata ungekuwa na lenzi ya bei gani. Moshi wa jikoni hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kusogea karibu au kurudi alfajiri. Pia ondoa kile kioo cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi ukapime tena, kwa sababu vioo vya bei rahisi huharibu picha za lenzi ndefu.

Ukishindwa kuamua, fanya jaribio hili. Weka magunzi matatu ya mahindi juu ya benchi, kila moja likiwa sentimita 20 nyuma ya jingine na pembeni kidogo ili yote yaonekane, ukae mita 8 au 10, lenzi ikiwa juu ya mfuko wa maharage. Shika fokasi kwenye gunzi la katikati, upige picha kumi, ukifungua fokasi na kuishika upya kila mara. Likitoka safi la katikati, mashine yako ni nzima na lawama inarudi kwenye mkono, kasi au mahali ulipoweka nukta. Likitoka safi la mbele au la nyuma mara kwa mara, lenzi na kamera hazijapatana. Tatizo hilo huonekana hasa katika kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, na baadhi yake zina sehemu ya kulirekebisha. Zikitoka ovyo, leo la mbele, kesho la nyuma, mpelekee fundi.

Wengine huogopa kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kwa sababu ya chenga, vile vidoa vidogo kwenye picha. Chini ya miti yetu, kwa lenzi ya upenyo wa f/5.6, ISO ya 3200 ni jambo la kawaida, na picha yenye chenga bado inaonesha ndege gani, dume au jike. Picha iliyofifia haioneshi lolote. Ukipiga kwa simu, fahamu kwamba kuvuta picha kwa vidole katika simu nyingi ni kuikuza picha ileile tu. Utapata zaidi kwa kuweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini, ukiishikilia kwa pete iliyokatwa kwenye kipande cha bomba la plastiki.

Chozi mwenye kung'aa anatoka mweusi

Nalisimulia hili kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo lililonifanya nipende mwanga. Dume wa chozi hung'aa kijani, zambarau au shaba, lakini rangi hizo hazikupakwa kwenye unyoya kama rangi ya nguo. Zinatokana na jinsi tabaka nyembamba sana za unyoya zinavyourudisha mwanga, kwa hiyo hutegemea pembe. Nimewahi kumtazama chozi mmoja kwenye ua la mgomba: alipokuwa ameniinamia alikuwa mweusi kama kaa, akageuza shingo kiasi cha unene wa kidole, na koo lote likawaka, kisha likazimika tena. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo jua, au sehemu yenye mwanga mwingi ya anga, iwe nyuma yako. Chagua ua la mgomba lililo magharibi mwa mahali unapokaa asubuhi, na mashariki alasiri. Wakati wa mchana sogea kivulini au uache, maana sisi tuliopo karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta jua hutusimamia utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata miezi mingine huwa juu sana.

Weusi wa aina nyingine hutokana na anga iliyo nyuma ya ndege. Kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na hondohondo aliye kileleni akabaki kivuli. Tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: ongeza hatua 1 hadi 2 kwa ndege aliye mbele ya mawingu. Kwa yangeyange mweupe aliye mbele ya majani meusi fanya kinyume, punguza kama hatua 1, la sivyo atatoka kama karatasi isiyo na unyoya hata mmoja.

Chombo cha maji hakitembelewi, au kimevamiwa

Ndege wadogo huogopa maji yenye kina. Sahani pana ya udongo yenye maji ya sentimita 3, na jiwe katikati la kutua, inatosha. Iweke kama mita 2 kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutoweza kuvizia. Mwaga maji na usugue chombo kila siku. Mbu huhitaji takribani wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, hivyo anayebadilisha maji kila siku hazalishi malaria nyumbani kwake.

Wanaovamiwa na kunguru na kuku kwa kawaida wametupa makombo ya ugali au wali karibu na chombo. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima, hula mayai na makinda ya wenzake, kwa hiyo kumvuta uani ni kuwafukuza wengine. Sipendekezi maji ya sukari. Huvuta sisimizi na huchacha upesi kwenye joto. Ua la mgomba, mihibiski na shubiri hufanya kazi hiyo bila kuoshwa.

Ukungu ndani ya lenzi

Tofautisha mvuke na kuvu. Mvuke hutokea kitu cha baridi kinapoingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu, kwa mfano unaposhuka asubuhi kutoka Amani, penye ubaridi, hadi Muheza mjini. Huondoka wenyewe, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la mahali hapo. Kuvu haliondoki. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, na likikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo.

Mikoba ya nguo na ngozi hushika unyevu, na ndiyo makazi mazuri ya kuvu. Hifadhi lenzi kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika jeli, vile vya kubadilika rangi. Rangi ikigeuka, vikaushe kwa moto mdogo uvirudishe. Lenzi inayotumika kila siku hupata kuvu mara chache kuliko ile iliyofungiwa kabatini masika nzima.

Waliokuwepo hawapo tena

Mara nyingi hakuna tatizo. Mbayuwayu wa Ulaya huwa nasi kuanzia kama Septemba au Oktoba hadi Aprili. Baadhi ya ndege wa milimani hushuka kwenye misitu ya chini katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Madume ya kwera huvua rangi ya manjano msimu wa kuzaana ukiisha, na mtu akadhani wamehama kumbe wako mbele yake wakiwa wamevaa rangi ya majike. Hondohondo wa mashavu ya fedha hufuata matunda, mojawapo likiwa la musizi, mti mgeni ambao wao wenyewe wamesaidia kuueneza katika Usambara Mashariki. Andika kila mwezi mti gani umezaa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia pa kukaa. Na sikiliza mabawa: hondohondo husikika akivuma hewani kabla hajaonekana, na sekunde hizo chache zinatosha kuwasha kamera.

Jirani anakutilia shaka

Mtu anayezunguka na darubini kando ya shamba la mwenzake atafikiriwa anapima ardhi, na anayemfuata bundi usiku atafikiriwa mabaya zaidi. Piga hodi kwanza, mweleze mwenyekiti wa kitongoji unachofanya, uoneshe picha. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi yenyewe, pitia lango na ulipe ada ya Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama njia ya mkato inaanzia nyuma ya nyumba yako.

Kiota kimeachwa au kimeporwa

Mwaka mmoja chozi alijenga kwenye ncha ya tawi la mkarafuu, hatua chache kutoka jikoni kwangu: mfuko mdogo wa nyasi na vipande vya majani makavu, uliofungwa kwa utando wa buibui, wenye kibaraza juu ya mlango. Majani mawili yalikuwa yanauziba mlango kwa upande wangu. Niliyakata. Nilipata picha nzuri za jike akiingiza buibui, na siku ya tatu kiota kilikuwa kimechanwa upande, kitupu, kunguru wawili wakiwa juu ya paa. Majani yale niliyoyaona kuwa kizuizi cha picha ndiyo yaliyokuwa ukuta wa makinda, na picha zile sijamwonesha mtu yeyote.

Kwa hiyo ukiona mzazi anarukaruka karibu na wewe akiwa na chakula mdomoni lakini haingii kiotani, chanzo ni wewe. Rudi nyuma mpaka aingie, na huo ndio umbali wako. Usikate wala kufunga jani, usimulike flashi, usicheze sauti ya ndege mwenzake kwenye simu ili kumtoa nje. Usifike kila siku kwa njia ileile, kwani paka na nguchiro hufuata njia ya miguu ya mtu. Dakika 10 zinatosha. Kama ni wakati wa kujenga au kulalia mayai, usiende kabisa. Subiri hadi makinda wasikike wakilia, maana kabla ya hapo wazazi huacha kiota kwa usumbufu mdogo sana.

Jike wa hondohondo hujifungia ndani ya shimo la mti kwa zaidi ya miezi mitatu, akilishwa na dume kupitia ufa mwembamba. Dume akikuona chini ya mti hukaa mbali na matunda yake kooni, na kila dakika unayoongeza pale chini ni dakika ya njaa kwa waliomo ndani. Piga picha akiwa anakuja, kutoka ng'ambo ya bonde, kwa lenzi ndefu kadiri uliyonayo, kisha uondoke.